Kumtafuta Askari wa Kihindi wa Enzi za Ukoloni: Mwongozo Kamili, Kuanzia Jina Moja Hadi Faili Lake

Katika Vita Kuu ya Kwanza, India chini ya Waingereza ilitoa watu zaidi ya milioni moja. Katika ile ya Pili jeshi lake lilifikia watu kama milioni 2.5, na wote walijiandikisha kwa hiari. Pamoja na wingi huo, ukiandika mtandaoni jina la babu, au jina ulilolisoma kwenye jiwe la kaburi pale Taveta, Voi au Tanga, aghalabu hutapata kitu, au utapata Sher Khan na Kartar Singh kwa mamia usijue wako ni yupi.

Sababu ni kwamba kumbukumbu za askari hawa zilipangwa kwa vikosi, na jina lilifuata baadaye kabisa. Mwingereza wa cheo cha chini alikuwa na faili lake London. Sepoy (askari wa miguu wa Kihindi) wa Punjab hakuwa nalo. Karatasi zake zilikaa makao makuu ya kikosi chake, na kikosi chenyewe kilibadilishwa jina mara mbili tatu kabla ya kugawanywa kati ya India na Pakistan mwaka 1947. Kwa hiyo kanuni ya kazi hii ni moja: tafuta kikosi kwanza, mtu atafuata. Anayeanza na jina hupoteza miezi.

Tunaposema “Mhindi” hapa tunafuata lugha ya nyaraka zenyewe. Ndani yake wamo watu wa maeneo ambayo leo ni India, Pakistan na Bangladesh, pamoja na Wagurkha walioandikishwa kutoka Nepal.

HATUA YA 1: Kusanya ulichonacho kabla ya kutafuta

Unahitaji vitu sita, na kila kimoja kina kazi yake: jina kamili, jina la baba, kijiji pamoja na tarafa (tehsil) na wilaya, dini na ukoo, namba ya jeshi, na kikosi. Ukiwa na vitatu kati ya hivyo unaweza kuanza. Ukiwa na kikosi na namba, umeshafika nusu ya safari.

Jina la baba ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Askari wengi hawakuwa na jina la ukoo kwa maana ya Kizungu. “Singh” na “Khan” hazimtofautishi mtu na mwenzake. Makarani walimtambulisha askari kwa kuandika “mwana wa fulani, wa kijiji fulani, wilaya fulani”, na hivyo ndivyo utakavyomkuta.

Majina ya miji yaandike kwa tahajia ya wakati ule. Jalandhar iliandikwa Jullundur. Wilaya ya Attock kwa muda ilijulikana kwa mji wake mkuu, Campbellpore. Faisalabad ilikuwa Lyallpur, Sahiwal ilikuwa Montgomery, na Pune ilikuwa Poona. Chakwal ya leo ilikuwa ndani ya wilaya ya Jhelum. Mtu akikuambia babu yake alitoka Chakwal nawe ukatafuta wilaya ya Chakwal kwenye rejista ya mwaka 1919, hutaiona.

Uliza pia kuhusu shamba. Waliotumikia vizuri walipewa ardhi katika makoloni ya mifereji ya Punjab, yaani maeneo mapya ya kilimo cha umwagiliaji, hasa upande wa Lyallpur na Montgomery. Familia iliyohama kutoka kijiji cha asili kwenda huko bila sababu inayojulikana, huenda ilihamishwa na kiinua mgongo cha jeshi, na hati ya ardhi inaweza kutaja kikosi.

HATUA YA 2: Amua alikuwa jeshi gani

Hapa ndipo watafiti wengi wa Afrika Mashariki huanguka, kwa sababu si kila Mhindi aliyeshika bunduki alikuwa wa Jeshi la India.

Kama alitumikia kabla ya mwaka 1858, alikuwa askari wa Kampuni ya East India, iliyokuwa na majeshi matatu: Bengal, Madras na Bombay. Uasi ulioanza Meerut tarehe 10 Mei 1857 ulilivunja jeshi la Bengal karibu lote. Utawala ukahamia kwa Malkia, na majeshi hayo matatu yakaendelea kujitenga hadi yalipounganishwa mwaka 1895. Kwa kipindi hiki “1st Native Infantry” haitoshi. Lazima ujue ni ya Bengal, Madras au Bombay, kwani kila moja ilikuwa na namba yake ya kwanza.

Kundi la pili ni majeshi ya watawala wa kienyeji, yaliyoitwa Imperial Service Troops. Hawa walikuwa askari wa Maharaja, wakikopeshwa kwa Waingereza wakati wa vita. Katika vita vya Afrika Mashariki walikuwa wengi: Kashmir Rifles, Jind, Kapurthala, Bharatpur, Rampur, Gwalior, na wahandisi wa Faridkot. Waliopigana Jasin, kaskazini mwa Tanga, tarehe 18 na 19 Januari 1915 walikuwa hasa watu wa Jind na Kashmir. Ukiwatafuta kwenye orodha za Jeshi la India utawakosa, kwa kuwa karatasi zao zilibaki kwenye dola zao. Kwa Jind na Kapurthala elekeza macho Patiala, na kwa Kashmir elekeza Jammu.

Kundi la tatu ni askari waliochukuliwa kwa mkataba kulinda himaya mpya za Waingereza huku kwetu. Makalasinga waliopambana na askari wa Kinubi walioasi Uganda mwaka 1897, katika ngome ya Luba huko Busoga, walikuwa wa aina hii. Walitolewa katika vikosi vya India lakini walitumikia chini ya serikali ya himaya, kwa hiyo habari zao ziko kwenye nyaraka za Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, na baadaye Wizara ya Makoloni.

Kundi la nne silo la Waingereza kabisa. Wabulushi wa Mombasa na Zanzibar walikuja na Waomani kama askari wa Sultani, wengi wao vizazi kadhaa kabla ya vita vya 1914. Familia nyingi za pwani zimeambiwa kwamba babu yao alikuwa “wa kikosi cha Baluchi”, wakati alikuwa mlinzi wa ngome ya Sultani. Upande wa pili, vikosi vya Jeshi la India vilivyoitwa Baluchis havikuwa na Wabulushi wengi kufikia mwaka 1914. Kikosi cha 129th Baluchis kilijaa Wapathani, Wamahsud na Waislamu wa Punjab. Jina la kikosi lisikudanganye kuhusu kabila la mtu, wala kabila lisikudanganye kuhusu kikosi.

Mwisho kuna wasio wapiganaji: wachota maji, wapishi, wachunga nyumbu, wafagiaji. Hawa walifuata kila kikosi na walikufa kwa malaria na kuhara kama wapiganaji. Kwenye nyaraka wameandikwa “followers”, na ni rahisi kuwaruka. Usiwaruke.

HATUA YA 3: Soma cheo sawasawa

Kwa askari wa miguu ngazi zilikwenda hivi: sepoy, lance naik, naik (sawa na koplo), havildar (sawa na sajini). Kwa wapanda farasi: sowar, lance dafadar, dafadar. Mhandisi wa kawaida aliitwa sapper, na wa mizinga gunner au driver.

Juu yao walikuwepo maofisa wa Kihindi waliopewa kamisheni na Gavana Mkuu, yaani Viceroy. Katika askari wa miguu ni jemadar, kisha subedar, kisha subedar-major, ambaye alikuwa mmoja tu katika batalioni. Katika farasi ni jemadar, risaldar na risaldar-major. Msomaji wa Kiswahili awe macho hapa: jemadar wa nyaraka hizi ni ofisa wa ngazi ya chini kabisa, wala hakuongoza jeshi. Baada ya uhuru cheo hicho kilibadilishwa kuwa naib subedar.

Batalioni ya mwaka 1914 ilikuwa na maofisa Waingereza kama 12 au 13, maofisa wa Kihindi wapatao 17, na askari zaidi ya 700. Subedar-major mwenye miaka 30 ya utumishi, nywele zimeshaingia mvi, alikuwa chini ya luteni Mwingereza aliyefika jana kutoka shuleni, na hakuruhusiwa kumwamuru askari Mwingereza hata mmoja. Huyu ndiye aliyejua lugha, nani ana kesi ya shamba kijijini, nani amegombana na nani. Maofisa Waingereza walipouawa, ndiye aliyeshika kikosi. Sepoy naye alilipwa rupia 11 kwa mwezi mwaka 1914. Ukiona ripoti ya mapigano inayosifu uongozi wa Waingereza watatu na kumaliza kwa “Indian ranks behaved well”, tafuta orodha ya nishani za siku hiyo. Mara nyingi utakuta majina ya maofisa wa Kihindi ambayo ripoti haikuyataja.

HATUA YA 4: Fuata kikosi kupitia majina yake yote

Kuna miaka mitatu ya kukariri. Mwaka 1903 Lord Kitchener, amiri jeshi mkuu wa India, alipanga upya namba za vikosi vyote katika mfululizo mmoja. Vya Madras viliongezewa 60 katika namba yake ya zamani na vya Bombay viliongezewa 100. Mwaka 1922 batalioni ziliunganishwa katika rejimenti kubwa, na ndipo zikaja alama kama 4/10th, maana yake batalioni ya 4 ya rejimenti ya 10. Mwaka 1947 rejimenti ziligawanywa: nyingi zilikwenda India, nyingine Pakistan, na kati ya rejimenti 10 za Gurkha, 4 zilibaki na Uingereza (ya 2, 6, 7 na 10).

Chukua mfano wa 129th Baluchis, kikosi cha Khudadad Khan, sepoy wa kwanza mzaliwa wa India kupewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, kwa mapigano ya Hollebeke, Ubelgiji, tarehe 31 Oktoba 1914. Wahindi walikuwa wameruhusiwa kupata nishani hiyo tangu mwaka 1911 tu. Kikosi kiliundwa mwaka 1846 kama batalioni ya pili ya Baluch. Baadaye kikawa cha 29 katika jeshi la Bombay. Mwaka 1903 kiliongezewa 100 kikawa 129th. Mwaka 1922 kikawa 4/10th Baluch Regiment. Leo kiko Pakistan kama 11 Baloch. Mtafiti anayetafuta “129th” kwenye orodha ya mwaka 1930 atadhani kikosi kilikufa, kumbe kipo hai kwa jina jingine. Baada ya Ufaransa kilihamishiwa Afrika Mashariki, kwa hiyo mtu mmoja wa kikosi hiki anaweza kuonekana kwenye matope ya Ubelgiji mwaka 1914 na kwenye pori la Tanganyika mwaka 1917.

Kwa wanaofuatilia vita vya huku, hivi hapa ni baadhi ya vikosi na walichokuja kuwa mwaka 1922. Wa 101st Grenadiers waliotua Tanga wakawa 1/4th Bombay Grenadiers. Wa 13th Rajputs wakawa 10/6th Rajputana Rifles. Wa 98th Infantry wakawa 4/19th Hyderabad Regiment, ambayo leo ni Kumaon Regiment. Wa 29th Punjabis, waliotangulia kushuka Mombasa Septemba 1914, wakawa 10/15th Punjab. Wa 30th Punjabis wakawa 1/16th Punjab, na 40th Pathans wakawa 5/14th Punjab. Wa 5th Light Infantry hawana mrithi: kikosi chao kiliasi Singapore tarehe 15 Februari 1915, kikapelekwa Kamerun na kisha huku Afrika Mashariki, na mwaka 1922 kikavunjwa.

Kosa linalojirudia ni kutegemea namba ya jeshi peke yake. Kila kikosi kilitoa namba zake chenyewe. Namba 1432 ilikuwepo katika vikosi vingi kwa wakati mmoja, na bila kikosi haikuambii lolote.

Jambo jingine la kukusaidia ni mpangilio wa makabila. Tangu enzi za Lord Roberts, aliyekuwa amiri jeshi mkuu wa India mwaka 1885 hadi 1893, Waingereza walishika imani kwamba kuna “makabila ya vita”, wakaongeza Wapunjabi, Wapathani na Wagurkha na kuwapunguza watu wa Madras. Imani hiyo ilikuwa ya kibaguzi na haina msingi, lakini iliacha alama kwenye nyaraka: kila kombania iliandikishwa kutoka jamii maalumu. Ukijua babu alikuwa Mdogra kutoka Kangra, unaweza kuondoa zaidi ya nusu ya vikosi kabla hujafungua ukurasa.

HATUA YA 5: Isome nishani, hasa ukingo wake

Nishani ndicho kitu ambacho familia huwa nacho hata kama karatasi zote zimeliwa na mchwa. Usiisugue. Dawa ya kung’arishia shaba hula maandishi, na maandishi ndiyo thamani yake. Ishike chini ya taa inayotoka upande mmoja, izungushe polepole, piga picha ukingo mzima vipande vitatu au vinne vinavyoingiliana kidogo, kisha soma kwenye picha badala ya macho.

Maandishi hufuata mpangilio huu: namba, cheo, jina, kikosi. Kwa mfano tuliotunga: “1432 SEPOY SHER KHAN. 129 BALUCHIS”. Vyeo hufupishwa: SEP. au SEPOY, NK. kwa naik, HAVR. kwa havildar, JEMDR. kwa jemadar, DVR. kwa driver, SPR. kwa sapper. Nyota ya 1914-15 haina ukingo wa kuandikia, kwa hiyo geuza nyuma, jina liko mgongoni.

Aliyepigana Tanga Novemba 1914 alipata Nyota ya 1914-15. Ile ya 1914 ilikuwa ya Ufaransa na Ubelgiji peke yake, na hakuna aliyepewa zote mbili. Kwa hiyo nyota yenyewe inaweza kukuambia mtu alianza vita upande gani wa dunia. British War Medal ya fedha ni ya mpiganaji. Ikiwa ya shaba, mwenye nayo huenda alikuwa katika wale wasio wapiganaji au kikosi cha vibarua. Na nishani ya East and Central Africa yenye kipande kilichoandikwa “Uganda 1897-98” au “Lubwa’s” inakuelekeza moja kwa moja kwenye uasi wa Uganda.

Angalia pia herufi zilizofuata jina kwenye karatasi: I.O.M. ni Indian Order of Merit, iliyoanzishwa mwaka 1837, I.D.S.M. ni nishani ya utumishi bora ya mwaka 1907, na O.B.I. (Order of British India) ilitolewa kwa maofisa wa Kihindi. Aliyepata mojawapo ya hizi ametangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, na hapo utapata tarehe.

Nishani ikinunuliwa sokoni, hakikisha zote katika seti zina namba na jina moja. Wauzaji huunganisha vipande vya watu tofauti ili seti ipate bei.

HATUA YA 6: Kama alifia vitani

Hifadhidata ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola (CWGC) ni bure na ndiyo pa kuanzia. Usijaze kila kisanduku. Chagua utumishi katika Jeshi la India, weka vita, weka nchi ya kumbukumbu (Kenya au Tanzania), kisha punguza kwa kikosi. Jina liweke mwisho, na ujaribu tahajia zote: Mohamed, Muhammad, Mahomed, Mohammed. Singh wakati mwingine huchukuliwa kama jina la ukoo, wakati mwingine jina lote limeunganishwa. Sehemu ya maelezo ya ziada ndiyo yenye jina la baba na kijiji, basi isome hata kama jina lina kasoro.

Kwa vita vya Afrika Mashariki, tarehe ya kifo hukuambia pa kuangalia. Wasio na kaburi linalojulikana waliouawa Tanga Novemba 1914 wamekumbukwa Tanga. Waliokufa kabla ya jeshi kusonga kwenda Rufiji Januari 1917 wako kwenye kumbukumbu ya Nairobi, na waliokufa kuanzia hapo wako Dar es Salaam, ambapo wamekumbukwa zaidi ya 1,500. Makaburi ya Kihindi ya Maktau na Taveta yanafuata njia ya reli ambayo kombania za reli za wahandisi wa Kihindi zilijenga kutoka Voi mwaka 1915.

Lazima lisemwe wazi: kutokuwepo kwa jina hakumaanishi hakufa. Mwaka 2021 kamati maalumu ya tume hiyohiyo ilikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi na Waafrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na Wazungu, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakutajwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Kwenye kumbukumbu ya Basra, Iraki, Waingereza na maofisa wa Kihindi waliandikwa majina, lakini askari wa kawaida wa Kihindi walibanwa kuwa idadi chini ya jina la kikosi. Wapagazi wetu wa Carrier Corps walitendewa vibaya zaidi. Majina ya hao wa Basra yaliwahi kuwepo kwenye makaratasi. Yeyote anayelichimbua jina moja anarekebisha dhuluma iliyofanywa kwa makusudi.

HATUA YA 7: Shajara za vita

Ukishajua kikosi na tarehe, fungua shajara yake. Kila batalioni ikiwa vitani iliandika kila siku ilipokuwa, ilichofanya na ilichopoteza. Ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, katika mfululizo WO 95, na nakala nyingine ziko Hifadhi ya Taifa ya India, New Delhi. Zile za divisheni za Kihindi zilizokuwa Ufaransa zimepigwa picha. Kwa Afrika Mashariki angalia katalogi kwanza: kama shajara haijapigwa picha, mlipe mtafiti wa huko badala ya kusafiri, ila mpe namba kamili ya faili na tarehe mbili za mwanzo na mwisho. Ukimwambia “nitafutie babu yangu” utalipia saa nyingi bila kitu.

Usitarajie kuona jina la sepoy. Karani aliandika jina la ofisa Mwingereza aliyejeruhiwa kidole, kisha “sepoy 3 wameuawa”. Kazi yako ni kuoanisha. Chukua tarehe ya kifo kutoka CWGC, nenda kwenye siku hiyo, soma siku 3 nyuma na 3 mbele. Kama hakuna mapigano yaliyoandikwa, huenda aliaga hospitalini kwa malaria, kuhara au homa ya papasi, na hapo unahitaji shajara ya hospitali au ya kambi badala ya ile ya batalioni. Huku kwetu ugonjwa uliua na kulemaza kuliko risasi.

Siku za mapigano makubwa zina taarifa zaidi. Tanga, kuanzia tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, Waingereza walitua na watu kama 8,000 na kupoteza zaidi ya 800 kwa kuuawa, kujeruhiwa na kupotea. Lawama nyingi zilitupiwa askari wa Kihindi. Ukisoma shajara utaona mambo mengine: wiki kadhaa wamebanwa melini, bunduki mpya walizopewa muda mfupi kabla ya safari, kutua bila upelelezi, na jenerali Aitken, kamanda wa mashambulizi hayo, aliyekataa ushauri. Wa Kashmir Rifles na Waingereza wa North Lancashire waliingia hadi mjini. Linganisha shajara za vikosi viwili au vitatu kabla ya kurudia hukumu ya mtu yeyote.

HATUA YA 8: Kama alirudi nyumbani

Aliyerudi ni mgumu kupatikana kuliko aliyekufa. Kwa Wapunjabi kuna hazina kubwa: rejista zilizoandaliwa na serikali ya Punjab mwaka 1919, kijiji kwa kijiji, zilizokaa kwenye jumba la makumbusho la Lahore kwa karibu miaka 100. Zina kumbukumbu za watu wapatao 320,000. Mwaka 2021 shirika la urithi wa Kipunjabi la Uingereza, UKPHA, na Chuo Kikuu cha Greenwich walianza kuziweka mtandaoni, wakitanguliza wilaya za Jalandhar, Ludhiana na Sialkot. Tafuta kwa kijiji. Ukikipata, soma ukurasa mzima: ndugu na binamu waliandikishwa pamoja, na kikosi cha mmoja mara nyingi ndicho cha wote.

Kadi za nishani huko Kew, mfululizo WO 372, zina baadhi ya Wahindi, si wote. Zaidi ya hapo, andikia ofisi ya kumbukumbu ya kituo cha rejimenti iliyorithi kikosi: Baloch na Frontier Force ziko Abbottabad, Punjab Regiment ya Pakistan iko Mardan, Punjab na Sikh za India ziko Ramgarh, Maratha iko Belagavi. Barua iwe ya ukurasa mmoja, ikiwa na namba, cheo, jina, jina la baba, kijiji, kikosi cha wakati ule na cha leo, pamoja na nakala ya kitambulisho chako na uthibitisho wa undugu. Majibu huchelewa. Andika tena baada ya miezi 3 ukitaja tarehe ya barua ya kwanza.

HATUA YA 9: Maofisa wenye kamisheni ya Mfalme

Hapa hali ni rahisi zaidi, kwani ofisa aliandikwa kwenye Indian Army List iliyotolewa mara kwa mara. Matoleo mengi yamewekwa mtandaoni na maktaba ya taifa ya Scotland na Internet Archive. Mtafute kwenye faharasa, kisha nenda kwenye ukurasa wa kikosi. Majemadar na masubedar nao wameorodheshwa chini ya vikosi vyao, hata wakikosekana kwenye faharasa.

Zingatia tarehe. Madaktari wa Indian Medical Service waliweza kuingia kwa mtihani tangu mwaka 1855, kwa hiyo Mhindi mwenye kamisheni ya Mfalme kabla ya 1917 karibu daima ni daktari. Agosti 1917 ndipo mlango ulipofunguliwa kwa maofisa wapiganaji, nafasi 10 kwa mwaka katika chuo cha kijeshi cha Sandhurst, Uingereza. Shule ya Indore ilitoa kundi dogo mwaka 1919, akiwemo K. M. Cariappa, aliyekuja kuwa Mhindi wa kwanza kuongoza jeshi la India Januari 1949. Mwaka 1923 Waingereza walichagua vikosi 8 tu vya kuwaweka maofisa hawa, ili Mwingereza asipokee amri ya Mhindi. Kwa ofisa wa miaka ya 1920, basi, anza na vikosi hivyo 8. Chuo cha kijeshi cha India, Dehra Dun, kilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1932, na kutoka darasa lake la kwanza walitoka wakuu wa baadaye wa majeshi matatu: Manekshaw wa India, Musa wa Pakistan na Smith Dun wa Burma.

Mafaili ya maofisa yako kwenye nyaraka za India Office za British Library, London, hasa mfululizo L/MIL/9 na L/MIL/14. Katalogi ya maktaba hiyo iliharibiwa na shambulio la mtandao la Oktoba 2023, hivyo uliza kwa barua pepe kabla ya kukata tiketi.

Kwa waliotekwa Singapore Februari 1942, uliza swali moja zaidi: je, alijiunga na Indian National Army ya Mohan Singh na baadaye Subhas Chandra Bose? Jeshi la kikoloni liliwaita wasaliti na kuwanyima malipo. Taifa liliwaita wapigania uhuru, na kesi za Red Fort zilizoanza Novemba 1945 dhidi ya Shah Nawaz Khan, Prem Sahgal na Gurbaksh Singh Dhillon ziliamsha nchi nzima. Familia nyingine zilificha jambo hili, nyingine ziliongeza chumvi. Karatasi ziko New Delhi, na ndizo za kuamua.

HATUA YA 10: Ukigundua jina lililosahaulika

CWGC hupokea maombi ya kuongeza majina. Kwa Vita vya Kwanza kifo lazima kiwe kati ya tarehe 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921. Kwa vya Pili ni kati ya tarehe 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Aliyefariki akiwa bado jeshini anakubalika kwa sababu yoyote ya kifo, iwe risasi, malaria au kuzama mtoni. Aliyekwisha kuachishwa lazima ithibitishwe kwamba ugonjwa au jeraha lilitokana na utumishi. Peleka ushahidi wa mambo matatu, kila kimoja kwa karatasi yake ya wakati ule: kwamba alikuwa askari au mfuasi wa kikosi, kwamba alifariki, na tarehe. Simulizi ya familia peke yake haitoshi, lakini iambatanishe, maana ndiyo itakayomwelekeza mkaguzi kwenye kijiji na jina la baba. Tahajia unayotaka ichongwe iandike kwa herufi kubwa, pamoja na ile iliyomo kwenye nyaraka, ili karani asichague mwenyewe.